Mshipa Upi?

Neno "mshipa" lina kazi nyingi mno. Damu inapita kwenye mishipa. Fahamu nazo zina mishipa yake. Na ukimwambia mzee wa Mombasa kwamba ana ugonjwa wa mshipa, atafikiri ngiri, kisha ataangalia kama kuna wanawake chumbani.

Ndiyo maana mjomba wangu alikasirika mwaka jana, katika hospitali moja hapa Uingereza, mkalimani wa simu aliposema, "Una ugonjwa wa mishipa." Mama akageukia dirishani. Mimi nikamsogelea nikamwambia, "Mjomba, si mshipa ule. Ni mishipa ya damu. Kuta zake zimevimba."

Ugonjwa wenyewe unaitwa poliateritisi nodosa. Kussmaul na Maier, madaktari wa Kijerumani, waliueleza mwaka 1866. Unashambulia ateri za ukubwa wa kati. Ukuta wa ateri ukivimba, njia inakuwa nyembamba na sehemu iliyo mbele inakosa damu. Mjomba alikonda, akawa na homa zisizoisha, kisha mguu wake wa kulia ukawa hauinuki. Alikuwa akiuburuta kama mtu aliyevaa kandambili iliyokatika. Neva ya mguu ilikosa damu.

Chanzo kilikuwa virusi vya homa ya ini aina ya B. Wengi wenye virusi hivyo hawapati ugonjwa huu, lakini uhusiano wake umejulikana tangu 1970. Chembe za virusi hushikana na kingamwili, mafungu hayo yakakwama kwenye kuta za ateri, na mwili ukaanza kupigana papo hapo.

Nyumbani, habari ilipoenea, jamaa mmoja alimtengea mjomba sahani na kikombe chake. Mjomba hakusema kitu. Alikula peke yake siku tatu. Daktari alikuwa ametueleza wazi: virusi hivi huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, si kwa chakula wala vyombo. Siku ya nne Mama alipakua pilau kwenye sinia moja, akamwita kaka yake, wakala pamoja. Nami nikanawa mikono, nikaketi.

Mjomba alizaliwa Mombasa mwaka 1971. Kenya iliingiza chanjo hii kwenye chanjo za watoto mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002. Uingereza ilianza kuwapa watoto wachanga wote mwaka 2017. Kwa hiyo binamu zangu wa Mombasa walichanjwa, na mimi niliyezaliwa hapa sikuchanjwa. Wengi wetu katika chama hiki tuko hivyo hivyo.

Mimi na Mama tulipimwa. Hatuna virusi, tukaanza chanjo. Mjomba anatumia dawa za virusi, na za kupunguza uvimbe alipewa kwa muda. Homa zimekwisha. Anatembea kwa bakora, na basi hajarudi kuliendesha.

Wenzangu, waulizeni wazazi wenu kama wamewahi kupimwa, nanyi mpimwe. Ni damu kidogo tu. Na kama wewe ndiye mkalimani wa nyumbani, usiseme "mishipa" ukaishia hapo. Malizia: ya damu.