Siku Moja Lusaka

Nakuandikia kutoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji haya ni Kongo, na Kiswahili hutufikia pamoja na wachuuzi wanaovuka kutoka Kilwa na Pweto. Leo sikuletei ngeli za nomino. Nakuletea safari moja na neno moja: mwananchi.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ziwani ili samaki wapate kuzaliana. Mke wangu huuza chisense, samaki wadogo wa kuanika walio ndugu wa dagaa, katika soko la Kashikishi. Miezi hiyo mikono yake huwa mitupu. Basi mwaka mmoja, shule zikiwa zimefungwa, tulipanda basi la usiku kwenda Lusaka. Hatukuwa na mgonjwa wa kumjulia hali wala fomu ya kupeleka ofisini. Tulikwenda kuutazama mji mkuu wetu, nasi tulikuwa na siku moja tu.

Tulishuka katika kituo kikuu cha mabasi, kilichoko kwenye barabara ya Dedan Kimathi. Nilimweleza mke wangu kwamba huyo alikuwa mpigania uhuru wa Kenya, aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1957. Kutoka hapo tulitembea hadi ilipo Sanamu ya Uhuru: mtu aliyeinua mikono juu ya kichwa, akiukata mnyororo. Mke wangu alifungua pindo la kitenge chake, akatoa noti ya kwacha, akaigeuza, akalinganisha.

"Kumbe ni yeye," alisema. "Miaka yote hii nimemfunga kiunoni bila kumjua."

Tuliingia katika Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1996. Huko nilifanya wanalofanya walimu: nilisema mno. Nilisema kwamba makao makuu yalihamishwa kutoka Livingstone mwaka 1935. Kwamba bendera yetu ilipandishwa tarehe 24 Oktoba 1964. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipotaja kwamba kituo kitakachofuata ni Bunge, alinishika mkono.

"Mwalimu, Bunge halitahama. Nipeleke Kabwata."

Nilijua sababu, ingawa nilikuwa nimeisahau. Babu yake mzaa mama alikwenda Lusaka kutafuta kazi zama za ukoloni, akamwacha bibi kando ya ziwa na watoto wawili. Alirudi mara chache, na mara ya mwisho alirudi mgonjwa. Bibi huyo aliishi hadi uzee mkubwa bila kuuona mji uliomchukua mumewe. Kila mjukuu aliyetoka Lusaka aliulizwa swali lilelile: "Kwani huko wanalala wapi?"

Kabwata tuliyoikuta ilikuwa kijiji cha utamaduni, mahali ambapo mafundi walichonga na kuuza vinyago. Lakini nyumba zake ndogo za msonge zilikuwa mabaki ya makazi yaliyojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya vibarua Waafrika. Zilikuwa nyumba za wanaume walio peke yao. Mji ulihitaji mikono yao. Haukutaka wake zao wala watoto wao.

Hatukujua babu alilala katika nyumba ipi, wala kama alipata kulala hapo. Fundi mmoja aliturusu kuingia katika chumba chake cha kazi. Mke wangu alisimama katikati, akatazama ukuta wa mviringo, kisha akatazama sakafu kwa muda mrefu.

"Bibi alidhani hakuitwa kwa sababu hakupendwa," alisema. "Kumbe hakuwekewa nafasi."

Sikuwa na somo la kuongeza. Tulinunua mwiko mmoja wa mti, tukarudi kituoni. Bungeni hatukufika.

Mwanafunzi wangu, Kiswahili kina maneno mawili yaliyo jirani. Raia ni neno la asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lilihusu kundi linalochungwa, watu walio chini ya mtawala. Mwananchi ni mwana wa nchi: mtoto wa nyumbani, asiyehitaji sababu ya kuingia sebuleni kwao. Leo tunayatumia karibu kwa maana moja, lakini siku ile niliona umbali uliopo kati yake. Babu aliruhusiwa mjini kwa kiasi cha kazi yake tu. Mjukuu wake aliingia mchana kweupe, pamoja na mumewe, bila kazi yoyote, akatazama alichotaka kutazama. Matembezi ya mke na mume, ambayo watu huyaita starehe, kumbe yalipiganiwa.

Kwa hiyo, ukiutembelea mji mkuu wowote, uwe Lusaka, Nairobi au Dodoma, usiishie kupiga picha mbele ya sanamu. Uliza pia ni nani zamani hakuwekewa nafasi hapo, na uliza ni nani hana nafasi leo. Mgeni hutazama majengo akaenda zake; mwananchi huuliza, kwa kuwa nyumba ni yake.

Ule mwiko tunao hadi leo. Mke wangu haupikii. Ameutundika ukutani, karibu na picha ya bibi.