Tulivyotafuta trakta ya kuvuta, Kasese na Bwera

Wengi mmetuuliza habari ya trakta, wengine njiani, wengine hata mbele ya kanisa: imefika wapi, ilinunuliwa bei gani, na kwa nini hatukuchukua ile kubwa ya buluu ambayo vijana waliipenda. Tumeona heri tuandike mara moja, ili kila familia iliyotoa pesa isome yenyewe.

Kikundi chetu ni familia 22. Misimu minane ya mahindi tuliweka kidogo kidogo katika sanduku la funguo tatu mpaka ikafika milioni 24 za Uganda. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili ili amalize sehemu yake. Pesa ya namna hiyo huendi nayo sokoni ukirukaruka.

Maneno yalianza na simu. Vijana wetu walikuwa na video za Marekani na Uholanzi, ambako watu wanashindana kuvuta kwa trakta. Wanafunga trakta kwenye sleji ya chuma, na juu ya sleji kuko sanduku la uzito. Trakta ikianza kwenda, lile sanduku nalo linasogea mbele polepole, uzito unakandamiza ardhi, na kila hatua inakuwa ngumu kuliko ile ya nyuma. Mwisho trakta inasimama, magurudumu yanachimba tu. Kule Marekani anayefika mita 91 hivi amemaliza uwanja. Trakta nyingine zilikuwa za shamba, za zamani, zimenunuliwa rahisi na kutengenezwa nyumbani. Basi vijana wakasema: tununue yenye nguvu nyingi, tuitengeneze, tualike wenye trakta wa Kasese tushindane, watu watalipa kiingilio!

Wazee walicheka. Lakini tusiwaonee vijana, ile video ilitusaidia. Papa mmoja katika kikundi, aliyeendesha trakta miaka mingi kwetu upande wa Rutshuru, aliitazama mara tatu, akasema: «Ninyi mnaona nguvu, mimi naona uzito. Angalieni gurudumu la nyuma.» Akatukumbusha chukudu. Kila mtoto wa Kivu anajua kwamba magunia yakikaa vibaya, hata kijana mwenye misuli haipandishi mlima. Trakta ni vilevile. Injini ya farasi 70 juu ya tairi zilizokwisha meno inazunguka bure, na injini ya farasi 45 yenye uzito mzuri nyuma, gia ndogo na tairi zinazoshika inavuta plau siku nzima. Ndiyo sababu wale wa mashindano wanahangaika na vyuma vya kuongeza uzito kuliko wanavyohangaika na rangi.

Papa alituambia pia kwamba mashindano ya trakta si kitu cha Ulaya peke yake. Mashindano ya dunia ya kulima kwa plau yalifanyika Kenya, pale Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, mwaka 1995, yakarudi Kenya tena mwaka 2017. Pale mshindi si anayekimbia. Wanapima mfereji kama umenyooka, kina kama ni kimoja toka mwanzo hadi mwisho, na majani kama yamefunikwa yote. Wazee walipenda hayo, vijana wakaguna.

Tuliondoka watu watano. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kusafiri na kufanya kazi hapa Uganda, hata hivyo kila mmoja alibeba kitambulisho chake, na barua ya kikundi tuliiweka juu. Sisi walimu wa kujitolea tulipewa daftari na kazi ya kutafsiri, ingawa huko Kasese na Bwera Mkonzo na Mnande wanaelewana bila mwalimu.

Trakta ya kwanza tuliiona Kasese, ndiyo ile ya buluu, Ford 5000. Silinda nne, farasi zaidi ya 60, milioni 16 tu. Ilipowashwa vijana walipiga makofi. Papa hakupiga. Aliomba spana, akalegeza bolti ya chini ya giaboksi, oili ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Oili ikiwa namna hiyo imechanganyika na maji. Mwenyewe akasema ni mvua. Jirani yake akasema ilikaa katika maji ya mto Nyamwamba wakati wa mafuriko ya Mei 2020, yale yaliyoharibu hospitali ya Kilembe. Hatujui nani alisema kweli, na haikuwa lazima tujue. Maji yakilala ndani ya giaboksi, beringi na meno ya gia vinaliwa na kutu, na kuifungua yote ni pesa kuliko bei ya trakta. Tena Ford hizo zilitengenezwa miaka ya 1960 na 1970. Tulipouliza spea katika maduka matatu, tuliambiwa tusubiri.

Ya pili ilikuwa Massey Ferguson 240, nyekundu inayong'aa kama pipi. Milioni 34. Bei peke yake ilitosha kutuondoa, lakini Papa alitaka tujifunze. Tulimpigia mwenye trakta usiku, tukamwomba asiiwashe asubuhi kabla hatujafika. Tukakuta injini ya moto. Mtu anayepasha moto injini kabla ya mnunuzi kuja, mara nyingi anaficha kwamba haitaki kuwaka ikiwa baridi. Rangi nayo ilikuwa imepita mpaka juu ya mipira na nati. Ukiona hivyo, uliza ilikuwa inafunika nini.

Kutoka Kasese tulishika barabara ya kusini, na pale Kikorongo tukakata kulia kuelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe. Kwa walio wengi kati yetu njia ile ni nzito moyoni, maana ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, ni kwetu. Tulikaa kimya kidogo ndani ya gari. Kisha tukarudi kwenye kazi.

Trakta ya Bwera ilikuwa 240 pia, lakini mbaya sana kwa macho. Boneti imepigwa nyundo, kiti ni gunia, taa hakuna. Ilikuwa inavuta tela la mawe na matofali. Injini ya baridi kabisa, tuliishika kwa mkono. Iliwaka mara ya pili. Moshi mweusi kidogo ukatoka, ukaisha. Moshi mweusi unaoisha hauna shida. Wa buluu usioisha ni oili inayoungua, maana yake pistoni na ringi zimechoka. Papa akafungua kifuniko cha oili huku injini inanguruma, akaweka kiganja juu. Pumzi ikitoka pale kwa nguvu, injini imekwisha. Ilikuwa pumzi ndogo. Ndani ya rejeta hakukuwa na mafuta yanayoelea. Akaendesha gia zote, akapanda nayo kilima na tela lake, akiachia mafuta ghafla aone kama gia inaruka. Haikuruka.

Ugonjwa ulikuwa nyuma. Tulining'iniza mawe kwenye mikono ya kuinulia plau, tukahesabu dakika. Kabla ya dakika tano mikono ilikuwa imeshuka chini. Haidroliki inavuja. Tairi mbili za nyuma nazo zilikuwa laini kama kandambili. Lakini hayo ni magonjwa yanayoonekana na yenye bei, na spea za 240 zinapatikana, kwa kuwa hata Pakistan wanaitengeneza. Tulisoma namba ya injini na ya chasisi, tukalinganisha na kadi: sawa. Alitaka milioni 23. Tulishinda pale toka asubuhi hadi saa kumi, mama mmoja wa kwetu ndiye aliyebishana hasa, tukafika 18 na nusu.

Hesabu ni hii, ili pasiwe na minong'ono. Trakta 18,500,000. Lori la kuileta kambini 1,100,000. Tairi mbili za nyuma, kuukuu lakini zenye meno, 1,700,000. Haidroliki, sili na kazi ya fundi, 500,000. Plau kuukuu ya diski mbili 1,600,000. Imebaki 600,000, nayo ni ya dizeli, oili na filta za mwanzo. Risiti ziko kwa mweka hazina, kila mwanachama anaweza kuziona.

Wengine wanasema tungesubiri tununue mpya. Kwa akiba yetu hiyo ingekuwa kazi ya watoto wetu. Wengine wanasema viwanja vyetu ni vidogo, trakta itageukia wapi? Hilo ni swali la kweli. Ndiyo maana tumekubaliana kwamba majirani watano wanaopakana watalimiwa siku moja kwa mstari mmoja, na mavuno yakianza plau itatolewa, tela la kukodi lifungwe, tubebe mahindi. Kulima peke yake hakuwezi kurudisha pesa hii. Kuvuta ndiko kutairudisha.

Fundi amejaza maji katika tairi za nyuma, robo tatu, ili ziwe nzito. Ulaya wanatia dawa maji yasigande kwa baridi, huku kwetu maji ya bomba yanatosha. Asiyejua akiona maji yanatoka kwenye valvu asipige kelele kwamba trakta inakojoa.

Vijana bado hawajaacha habari ya mashindano. Wameomba siku moja baada ya mavuno, sleji ya magogo, na trakta mbili za majirani waalikwe. Papa amekubali kwa masharti yake. Mnyororo ufungwe chini kwenye baa ya kuvutia, usifungwe juu kabisa, kwa sababu ukifungwa juu ya ekseli trakta inanyanyua pua na kumlalia dereva kabla hajakanyaga klachi. Watoto wasimame mbali na mnyororo, maana ukikatika unapiga kama panga. Na dizeli ya siku hiyo vijana wachange wenyewe. Mpaka tunaandika haya wamechanga lita nne.

Kulima kunaanza na mvua ya kwanza. Majirani watano walio tayari waje pamoja kujiandikisha darasa la tatu, saa kumi jioni, watoto wakishatoka.