Mitaa ya Miguu Kati ya Ndege Mbili

Abiria wengi wa kwetu wanaounganisha ndege humaliza saa za kusubiri wakiwa wamelalia begi. Mimi, viza ikiruhusu na saa zikitosha, hutoka nje kutafuta mtaa usiopita magari. Miwili ninayoilinganisha hapa ni Istiklal wa Istanbul na Strøget wa Copenhagen. Kipimo changu ni Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Kwa wepesi wa kufika, Copenhagen haina mpinzani. Metro isiyo na dereva hukutoa uwanjani hadi kituo cha Kongens Nytorv kwa takriban robo saa. Ukipanda ngazi umeshafika ncha ya Strøget. Istanbul inataka subira. Uwanja mpya uko mbali, karibu na Bahari Nyeusi. Metro ya M11, iliyofunguliwa mwaka 2023, hukimbia nusu saa hivi hadi Gayrettepe. Hapo unafuata ujia mrefu chini ya ardhi, kisha unapanda M2 hadi Taksim. Wakati wa kurudi kuna ukaguzi mlangoni mwa uwanja, kabla hata hujaiona kaunta ya ndege.

Mitaa yenyewe haitofautiani sana kwa urefu. Strøget ina kilomita moja na ushei, Istiklal karibu kilomita moja na nusu. Tofauti iko kwenye sauti. Strøget hakuna anayekuita. Unaingia dukani ukitaka, usipotaka unapita zako. Istiklal kuna tramu nyekundu ya kizamani inayopiga kengele katikati ya umati, kuna muuza aiskrimu anayekupa koni kisha anakupokonya watu wacheke, na kuna mikokoteni ya mahindi ya kuchoma. Mtu wa Kariakoo hapo hajisikii mgeni sana: bado kidogo tu asikie “pisha, pisha!” nyuma yake.

Maduka, kusema kweli, si sababu ya kutoka uwanjani. Nguo na viatu vya kampuni zilezile vimejaa mitaa yote miwili. Mimi naangalia kitu kingine: mtu asiye na hela ya kununua ataketi wapi? Copenhagen, katika uwanja wa Amagertorv, watu huketi kuzunguka chemchemi ya korongo ya mwaka 1894, wakila walichobeba kutoka nyumbani, na hakuna mlinzi wa kuwafukuza. Istiklal mabenchi ni machache, lakini pembeni kuna pa kupumzikia. Ua wa kanisa la Mtakatifu Antonio uko wazi kwa mpita njia, na Msikiti wa Hüseyin Ağa, wa karne ya 16, unampa msafiri maji ya udhu na zulia la kuswalia hatua chache kutoka kwenye zogo.

Mitaa hii haikuzaliwa hivi. Strøget ilifungiwa magari mwaka 1962, na wenye maduka walilia kwamba biashara itakufa. Wengine walisema Wadenmaki si Waitalia wa kuzurura barabarani. Wateja wakaongezeka badala ya kupungua. Istiklal nayo iliachiwa waenda kwa miguu mwaka 1990, tramu ikarudishwa. Kongo ni kinyume chake: watu na bidhaa zilizotandazwa chini ndivyo vilivyoyazidi nguvu magari. Matokeo yake mtaa umejaa uhai, ila mama mjamzito au mzee mwenye mkongojo hana pa kukaa, na gari la zimamoto likihitajika halina pa kupita. Wamachinga hatuhitaji kuwafukuza ili kurekebisha hilo. Tunahitaji mistari ya kupangia meza, njia ya dharura inayoheshimiwa, kivuli na mabenchi.

Kwa msafiri, hukumu yangu ni hii. Ukiwa na saa tano au sita, nenda Strøget. Istiklal usiijaribu bila saa nane au tisa, na begi ulikabidhi mahali pa kutunzia mizigo. Kabla ya yote, soma masharti ya viza kwa pasipoti yako, na panga kurudi uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuruka.