Barua za Watoto wa Mradi

Miaka ya tisini, kule Ziwa la Ng'ombe, nyumba yenye mtoto wa mradi ulikuwa unaijua bila kuuliza. Mtoto huyo alivaa sare mpya mwezi wa Januari, alikuwa na viatu vyeusi vya kamba, na Jumamosi hakuonekana uwanjani mpaka jua la utosi. Watu wazima walisema "ana sponsa", yaani mfadhili wa ng'ambo, na waliposema hivyo ulisikia furaha na kijicho vimechanganyika. Mimi nilikuwa mmoja wao tangu darasa la pili. Kila Jumamosi tulipimwa uzito, tukanywa uji, tukafundishwa Biblia, na mara kadhaa kwa mwaka tukaandika barua.

Barua tuliziandikia uwanja wa kanisa, chini ya mkilifi mkubwa. Mabenchi yalitolewa nje, vitabu vya nyimbo vikawa ndiyo meza. Kila mtoto alipewa karatasi iliyopigwa chapa tayari: juu nambari yake ya mradi, chini yake nafasi ya kuchora, kisha mistari. Wadogo walilaza kiganja juu ya karatasi, mtu akakizungushia kalamu, ili huyo aliye ng'ambo aone kimekua kiasi gani. Kuanzia darasa la nne uliandika mwenyewe kwa Kiswahili, na karani akaweka Kiingereza chini ya kila mstari. Zikikusanywa zilitiwa katika bahasha kubwa ya kaki, zikavuka Daraja la Nyali kwa matatu hadi mjini, zikaenda Nairobi, na ndipo zikatoka nchini. Jibu lilikuja baada ya miezi. Ulimwandikia mtu habari za Krismasi, akakujibu masika yameshaanza.

Karani wetu alikuwa mkali. Usiombe kitu. Usiandike mahali mnapokaa. Usiandike habari ya njaa, ataona unaomba. Barua zote zilifunguliwa ofisini kwanza, zinazokuja na zinazokwenda, na leo, nikiwa mzazi, naiona maana yake: mtoto alikuwa analindwa dhidi ya watu wasiojulikana nia zao. Lakini mtoto wa miaka kumi akikatazwa habari ya njaa, na baba yake hana kazi, anabakiwa na machache ya kusema. Kwa hiyo wengi tulinakili ubaoni. Mimi ni mzima, natumai nawe u mzima, nasoma kwa bidii, Mungu akubariki. Mabenchi yote yaliandika barua moja.

Sponsa wangu hakuikubali barua hiyo. Alikuwa mama mzee wa Kanada, mwalimu mstaafu, mkazi wa mkoa wa Saskatchewan kwenye mashamba ya ngano. Aliuliza maswali. Unaamka saa ngapi? Maji mnayatoa wapi? Paa la nyumba yenu ni la nini, na nani alilijenga? Jirani yenu anafanya kazi gani? Nikijibu kwa mkato, barua iliyofuata alirudia swali lilelile. Karani aliguna, kwa sababu barua yangu ilikuwa ndefu kutafsiri kuliko za wenzangu, lakini hakunizuia.

Majibu sikuwa nayo peke yangu. Nilimwomba karani ruhusa ya kwenda na barua nyumbani, na usiku tukaisoma kwa mwanga wa koroboi: mimi nikisoma, Mama akisikiliza huku anapepeta mchele, na hawe, yaani bibi yangu mzaa mama, amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba. Mama hakujua kusoma. Hawe hata jina lake hakuwahi kuliandika. Lakini walikuwa na mengi ya kumwambia yule mama. "Mwambie maji tunanunua ya mkokoteni, mtungi mmoja asubuhi na mmoja jioni. Mwambie yakikosekana tunakwenda kisimani, na ya kisimani yana chumvi, chai haiwi chai." Hawe naye akiinuka kidogo: "Mwambie makuti yanasukwa na wanawake. Mwambie yakisukwa vizuri yanakaa miaka, yakisukwa na mvivu yanavuja mvua ya kwanza." Nikaandika kama walivyosema. Asubuhi nikanakili kwa hati nzuri.

Siku moja ikaja picha. Nyumba ya mbao, na theluji imefika usawa wa dirisha. Mama aliishika muda mrefu. Yeye alikuwa akifua nguo katika majumba ya Nyali, ng'ambo ya pili ya barabara kutoka kwetu, na wazungu alikuwa akiwaona kila siku wakienda ufuoni. Hakuwahi kumhurumia hata mmoja. Huyu alimhurumia. "Maskini, na amekaa peke yake humo ndani?" Tangu siku hiyo aliingia kwenye dua zetu za jioni kwa jina lake, na Mama akanishurutisha niulize kama kuna kijana wa kumwondolea theluji mlangoni. Mama yule alijibu kwamba yupo, mtoto wa jirani, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Mambo hayakuwa matamu yote. Mradi ulichukua mtoto mmoja kwa nyumba, na kwetu niliyechukuliwa ni mimi. Ndugu yangu mdogo alikwenda shule na viatu vyangu vya mwaka uliopita, na ada yake ilitafutwa shilingi kwa shilingi, maana elimu ya msingi bila malipo haikuja mpaka 2003. Mama alijitahidi kusawazisha. Zawadi yangu ya siku ya kuzaliwa iligeuka gunia dogo la unga na godoro, nikapigwa picha nimelishika godoro ili ofisi ipeleke ushahidi, na usiku tukalilalia sote. Najua wenzangu ambao mpaka leo hawazungumzi vizuri na ndugu zao kwa ajili ya mambo ya mradi. Anayetaka kusifu ufadhili wa namna hii aliseme na hilo.

Faida yake pia ni ya kweli. Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walichapisha utafiti juu ya watu waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Walikuta kwamba kwa wastani walisoma mwaka mmoja hadi karibu mwaka na nusu zaidi ya wenzao. Kwa mtaa kama wetu wa wakati ule, mwaka huo mmoja ndio uliomtenga aliyefika sekondari na aliyeishia kusukuma mkokoteni.

Kuna barua moja siisahau. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, na watu wa bara wakaanza kuuawa na kuchomewa nyumba. Wengine walikimbilia kanisani Likoni, wengine wakavuka feri na vifurushi kichwani. Mama alikuwa na rafiki kutoka bara, muuza mboga mwenzake wa zamani katika soko la Kongowea, aliyehamia Likoni. Alitufikia na watoto wake jioni, hana kandambili. Sisi ni Wagiriama, na siku zile kumweka mtu wa bara ndani kulikuwa na maneno yake mtaani. Mama hakumuuliza mtu. Zamu ya barua ilipofika niliandika hivi: "Tuna wageni. Nyumba yao imechomwa. Watoto wanalala pamoja nasi kwenye godoro ulilotununulia. Mama yao halali, anakaa mlangoni." Karani aliisoma, akaniangalia, akaketi kutafsiri bila kufuta hata neno moja. Jibu lilikuja mvua za El Niño zikiwa zimejaza maji mpaka vizingitini. Alitaka kujua majina ya watoto wale na kama wamerudi shule.

Machafuko yale yalichunguzwa na Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, na ripoti yake ipo kwa anayeitaka. Lakini nani alimficha nani Ziwa la Ng'ombe, na walilalia nini, hilo nililiandika mimi kwa kalamu ya biro na likaenda zake Kanada.

Nilipomaliza shule, barua zilikoma, kwa kuwa kanuni ilikuwa hiyo. Miaka mingi baadaye mpwa wake alinitafuta kupitia ofisi. Mama yule alikuwa amefariki, na katika kabati lake zilikutwa barua zangu zote, kila moja ndani ya bahasha yake, tarehe ya kupokelewa imeandikwa pembeni kwa penseli. Mpwa akaniletea kwa posta. Nilizisoma kwa usiku mmoja. Humo mna bei ya unga na ya mafuta ya taa, mwaka baada ya mwaka. Mna siku stima ilipofika kwa jirani. Mna kisima ambacho leo juu yake pamejengwa ghorofa. Na mna hawe. Hawe alifariki bila sauti yake kunaswa popote, na picha tuliyo nayo ni moja, ya kitambulisho. Maneno yake kuhusu makuti yapo pale neno kwa neno, na Kiingereza cha karani chini yake.

Nimesoma baadaye jinsi shirika mojawapo la ufadhili huu wa barua lilivyoanza. Mwaka 1937, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies alikutana na mvulana aitwaye José, amebeba kikaratasi alichoandikiwa na baba yake. Baba alijua mji wa Santander ukianguka atapigwa risasi, akamwomba yeyote atakayemwona mwanawe amtunze. Kutokana na hilo likazaliwa shirika ambalo leo linaitwa Plan International. Sishangai kwamba barua ya kwanza ilikuwa ya mzazi. Zangu pia zilikuwa za Mama na hawe, mimi nilishika kalamu tu.

Karatasi zikihifadhiwa, maisha ya watu hayapotei, na mfano uko jirani. Kutoka kwetu hadi Kengeleni ni mwendo mfupi kwa miguu. Hapo ndipo Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa shirika la CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Tunajua machache ya maisha yao kwa Kiswahili kwa sababu James Mbotela aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kikachapishwa 1934. Karatasi za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Zetu ziko kwenye makabati ya wazee wa Kanada, Ujerumani, Australia na Marekani, na wazee hao wanakufa mmoja mmoja, na wanaorithi nyumba zao hawajui Kongowea ni wapi.

Basi wewe uliyekuwa mtoto wa mradi Kisauni, Likoni, Changamwe au popote pwani hii: nenda ofisi ya mradi, wape nambari yako ya zamani, uliza kama familia ya sponsa wako bado ipo na kama barua zako zimehifadhiwa. Na kama mama yako ameweka zile zilizokuja, zile zenye picha za theluji, mwombe akuonyeshe akiwa hai bado, mkae mzisome pamoja.