Duka la mama mdogo Mbamba Bay lilinitoa jasho!

Kama hujawahi kushuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, ndugu yangu, usijisifu kwamba umeitembea nchi hii. Mimi nilijisifu miaka mingi, hadi mama mdogo aliponipigia simu. Alikuwa anakwenda Songea kumuuguza mkwewe, na dukani hakuna mtu. "Mwanangu, siku nne tu," akasema. Nikaona poa, likizo ya bure ufukweni!

Mbinga nilipita asubuhi na koti mwilini, maana baridi ya kule haina utani. Huko ndiko kwa Wamatengo, wakulima wa kahawa na mabingwa wa ngoro. Ngoro ni vishimo vya mraba vinavyochimbwa mlimani kote. Nyasi hulazwa na kufukiwa kwa udongo, kisha mahindi na maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua ikinyesha, maji hutulia mle vishimoni na udongo hauendi popote. Ukiutazama mlima kwa mbali utadhani umefunikwa na wavu.

Basi likaanza kuteremka kwenye lami yenye kona za kukata roho. Koti nikavua, halafu na shati nikafungua vifungo. Ghafla ziwa hili hapa! Maji ya buluu hadi macho yanachoka, na kina chake kwenye vilindi kinafika kama mita 700. Siku hizi Mbamba Bay ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ila wazee wengine bado wanasema Mbinga tu.

Duka la mama mdogo ni chumba kimoja cha bati: sukari, sabuni, viberiti, chumvi, dumu la mafuta ya kula la lita 20 na daftari la madeni. Akanionyesha haraka haraka, akapanda basi. Nikabaki bosi.

Sasa, mimi nina ugonjwa mmoja, michezo ya kompyuta. Kwenye mkoba nilikuwa na laptopu yenye mchezo uitwao Strange Horticulture, uliotolewa mwaka 2022 na Bad Viking, yaani ndugu wawili wa Uingereza. Na wenyewe ni wa duka! Unauza mimea katika mji wa kubuni uitwao Undermere, uliochorwa kwa kufuata nchi ya maziwa ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Nje mvua, mezani paka mweusi wa kupapasa, wateja wanaingia mmoja mmoja na shida zao. Raha tupu. Kasheshe ni kwamba ukikosea kuutambua mmea, hofu inapanda. Ukizidi kukosea, akili inapasuka vipande, na inabidi uviunge upya ndipo uendelee kuuza.

Siku ya kwanza wateja walimiminika. Nikajiona mfanyabiashara wa kuzaliwa. Siku ya pili wakaongezeka, wengi wao wa mafuta. Jioni nikahesabu hela. Dumu lilikuwa karibu kwisha, lakini pesa haikufika hata nusu ya ile niliyotegemea. Nikahesabu tena. Wapi!

Nikamweleza kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anapiga soga pale barazani. Hakufikiri mara mbili. "Mshkaji, hiyo chuma ulete." Yaani mtu anakupa hela yake, halafu hela hiyo inaondoka kimazingara na kuzivuta zako. Akanifundisha dawa: wengine huchomeka pini kwenye noti, wengine hunyunyiza chumvi kwenye droo. Kisha akauliza, "Nani huja magharibi?"

Nikamtaja. Alikuwa bibi mmoja mwenye kichupa, kila magharibi na sarafu yake ya mia tano, mafuta ya mia tano. Wenzake kijiweni wakatazamana.

Usiku ule sikulala. Upepo wa ziwa uligonga bati, na kila nikifunga macho nauona ule mkono wenye sarafu. Nje wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa majini, utadhani kuna mji mzima unaelea. Nikafungua mchezo nijiliwaze. Nikakosea mimea miwili mfululizo, nikaifunga laptopu.

Siku ya tatu, magharibi, bibi huyo! "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Akanyoosha mkono na sarafu. Sikuipokea. Nikamwambia aiweke mezani. Akanitazama, akaiweka taratibu. Nilipochota mafuta, akasema, "Mjukuu wangu, hapana. Siku zote hizi unanizidishia. Mama yako kwa mia tano huchota na kile kidogo."

Chini ya meza kulikuwa na kikombe kidogo. Kile nilichokuwa nachotea tangu siku ya kwanza kilikuwa cha elfu moja!

We acha tu. Ndiyo maana walimiminika. Mtaa mzima ulijua, mtaa mzima ukanyamaza. Aliyesema ni yule niliyekuwa nimemnyooshea kidole.

Na hapo ndipo jasho liliponitoka kwelikweli. Nchi hii tunajua jambo hili linaishia wapi. Kule Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamewiva kwa moshi wa kuni. Nami nilikuwa nimemtaja mtu kijiweni, kwa sababu ya kikombe.

Nikaenda kijiweni saa ile ile nikiwa na vikombe vyote viwili. Nikawaeleza: kosa ni langu. Wakacheka hadi machozi. Ila mmoja hakucheka. "Sawa," akasema, "lakini yule bibi mchunge tu."

Mama mdogo aliporudi nililipa hasara ya mafuta na kumsimulia yote. Hakugombeza. Alijifunga kanga, akaenda mwenyewe kijiweni, kisha akapitiliza hadi kwa bibi. Alikaa huko hadi usiku. Alipofika hakuniambia walichozungumza.

Mbamba Bay nenda, msomaji wangu. Kula dagaa wa siku hiyo hiyo, oga, tazama taa za wavuvi. Lakini ukiachiwa duka, uliza kwanza kikombe cha mia tano ni kipi. Na hesabu ikigoma, hesabu tena kabla hujataja jina la mtu.