Daftari la Harambee

Ukipita kijijini kwetu Raila, hapa Kibera, usitafute mnara wala kengele. Kanisa letu kuukuu ni la udongo na mabati, na unaweza kulipita ukidhani ni ghala la makaa. Lakini kwetu hilo ni jengo la historia. Kwenye nguzo ya kati kuna mtu aliyechonga kwa msumari mwaka wa 1994. Nyanya yangu alikuwapo. Yeye na akina mama wenzake ndio waliokanyaga udongo wa kukandika kuta zile, wanaume wakichimba mashimo ya nguzo. Jina la kijiji ni la hayati Raila Odinga, aliyekuwa mbunge wa Lang'ata toka 1992 hadi 2013. Mapema mwaka wa 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi, watu walilala humo juu ya mabenchi, na wengine hata hawakuwa waumini.

Mvua ya Aprili na Mei 2024 ndiyo iliyotuumbua. Ilinyesha utadhani mbingu zimetoboka. Ukuta wa nyuma ulilowa siku tatu, na usiku wa nne ukalala chini. Kwa zaidi ya mwaka mmoja tuliimba huku mbuzi wa jirani wakituchungulia.

Mkutano ulipoitwa, mzee mmoja alisimama akauliza, "Hii ardhi ni ya nani? Nani ana karatasi hapa?" Kimya kikatanda. Akatukumbusha Julai 2018, tingatinga zilipobomoa nyumba, shule na makanisa katika vijiji vya wenzetu hapa hapa Kibera ili barabara ipite. Kwa nini tutie pesa zetu kwenye kitu kinachoweza kubomolewa kwa asubuhi moja? Kusema kweli, mimi niliona ana haki, na mpaka leo sijapata jibu la kumpa. Nyanya hakuhangaika na jibu. "Baba nanii," alimwambia, "juzi paa lako lilipovuja, ulingoja karatasi ndio ubadilishe bati?" Watu wakacheka, mzee mwenyewe akacheka, na harambee ikaanza.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa historia alikuwa akitufundisha habari za Rabai, kule pwani, ambako Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka wa 1846. (Wanachama wa Kiswahili mjue kwamba Krapf ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.) Kanisa la kale la Rabai sasa ni makumbusho. Nikainua mkono nikauliza kama letu la 1994 laweza kuitwa la kale. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaniuliza tu, "Waliolijenga unawajua?" Nilikaa nikiwaza. Majina ya Krapf na Rebmann tunayo vitabuni. Ya watu waliowabebea mawe na maji je? Waliolikandika la kwetu mimi nawajua, wengine hunituma dukani mpaka leo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Kwa kuwa hati yangu inasomeka, mama, aliyekuwa mweka hazina, alinikabidhi daftari. Kazi yangu ilikuwa kupita mlango kwa mlango jioni, kupokea na kuandika. Mwingine alitoa mia, mwingine hamsini, mwingine misumari ndani ya gazeti. Jirani yetu anayeuza omena alinipa shilingi mia mbili, noti mbili zenye harufu ya samaki. Kesho yake nilikuwa nadaiwa pesa za mtihani, na nyumbani sikuthubutu kuzitaja. Nikalipa na zile noti. Nilijiambia nitazirudisha. Jina lake nililiandika, pesa zikakosekana.

Mama alihesabu mara mbili, kisha akanitazama. Hakunichapa, na heri angenichapa. Alinishika mkono mpaka kwa yule mama, akaniambia, "Sema." Nilisema nikitetemeka kama niliyenyeshewa. Mama wa omena aligeuza samaki wake kwenye karai, akakaa kimya, halafu akasema, "Mia mbili nitatoa tena. Lakini huu udongo utahitaji maji. Utachota mitungi arobaini, na uandike ni yangu."

Basi likizo ya Agosti 2025 wenzangu walipokuwa wakicheza mpira, mimi nilikuwa njiani na mtungi wa lita ishirini, kutoka kwa muuza maji hadi kanisani, shilingi tano kila mtungi, na mama akizikata kwenye nauli yangu. Fundi wetu alikuwa Mnubi wa Makina, Mwislamu, ambaye mababu zake ndio walioita mahali hapa kibra, yaani msitu. Alitaka kuing'oa nguzo ya 1994 kwa sababu mchwa walikuwa wameila chini. Akina mama walikataa katakata. Ikabidi akate ile sehemu iliyooza, akaisimamisha juu ya saruji. Sasa ile tarehe imeshuka, inasomwa ukipiga magoti. Fito mpya zilifungwa, nasi tukakandika ukuta kwa mikono siku mbili. Kucha zangu zilikaa nyekundu wiki nzima.

Jumapili ya kwanza mama alilisoma daftari mbele ya wote, jina baada ya jina. Alipofika kwa jirani yetu alisoma, "Shilingi mia mbili, na mitungi arobaini ya maji." Watu wakapiga makofi. Yule mama akainuka, akajifunga leso vizuri, akageuka akanitazama nilipokuwa nimesimama mlangoni. Jina langu halimo daftarini. Hati tu ndiyo yangu.