Sentensi Tano kwa Mwanga wa Koroboi

Mtahiniwa, kabla hujafungua sura ya sarufi, nipe dakika chache nikusimulie nilivyofeli.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2009, nikikaa kwa bibi yangu Mbweni. Sikuwa mvivu. Katika karatasi ya Baiolojia lilikuja swali la jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Jawabu nilikuwa nalo lote kichwani kwa Kiswahili: mwanga wa jua, maji, hewa, rangi ya kijani ya majani. Nikaandika "The plant it take the sun", nikakwama hapo. Karatasi ya Kiingereza ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa nimekariri insha ya safari ya basi, neno kwa neno, na mtihani ukataka barua ya kuomba kazi. Niliandika safari ya basi. Mpaka leo sijui nilitarajia nini.

Tarehe 10 Desemba mwaka huo umeme ulikatika Unguja nzima. Kulitokea hitilafu upande wa Fumba, pale unapopandia waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na umeme haukurudi hadi Machi 2010. Matokeo yalitoka tukiwa bado kizani. Kiingereza nilipata F, na masomo mengine yalivutwa chini pamoja nacho, kwa sababu nayo yaliulizwa kwa Kiingereza. Nililala siku mbili sitaki kuonana na mtu.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza, "Mwanangu, juzuu zako ulizihifadhi vipi?" Nikamwambia anajua mwenyewe: chuoni kila siku aya chache, na za jana lazima uzidurusu kwanza kabla maalim hajakupa mpya. Akasema, "Basi Kizungu mbona ulikisoma kwa mkupuo?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimesoma Kiingereza mwezi mmoja kabla ya mtihani, usiku kucha, kama mtu anayepakia mzigo kwenye gari linaloondoka.

Tulianza usiku uleule. Televisheni haikuwepo, feni haikuwepo. Baada ya sala ya isha bibi aliwasha koroboi, na koroboi ikishawaka mimi nafungua daftari. Hilo ndilo ninalotaka ulishike zaidi ya yote katika maneno yangu: sikupanga saa, nilifuata jambo ambalo lingetokea tu kila siku, nitake nisitake. Ukisema "nitasoma Kiingereza nikipata nafasi", nafasi haiji. Wewe chagua lako: baada ya isha, baada ya kuosha vyombo, ukiwa kwenye daladala kutoka Kiembesamaki hadi mjini.

Niliandika sentensi tano tu, na zote zihusu siku hiyohiyo. Nani alikuja, tulikula nini, mvua ilinyesha au la. Hapo ndipo nilipogundua umaskini wangu. Nilijua kanuni za sarufi kwa kuzitaja, lakini sikuweza kusema kwamba bibi yangu amekwenda kuchota maji. Niliandika "My grandmother he go to fetch water". Angalia kosa lilikotoka. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mkono wangu haukuzoea kuchagua kati ya "he" na "she". Kiswahili kinaweka "li" na wakati uliopita umekwisha. Kiingereza kinataka "go" igeuke "went". Makosa hayo hayatoki kwa kusoma kanuni mara kumi. Mkono unataka kuyaandika sahihi mara nyingi hadi uzoee.

Kisha nilimsomea bibi kwa sauti. Hakujua neno hata moja, lakini alidai nimfasirie, na nikishindwa kufasiri nilijua kuwa sikuielewa sentensi yangu mwenyewe. Nilikuwa na kamusi ya TUKI ya Kiingereza na Kiswahili ya mwaka 1996, imekatika jalada, na redio ya betri ya kusikilizia habari za BBC dakika kumi. Mwanzoni nilishika majina ya nchi tu. Kila Ijumaa jirani mmoja mwalimu aliyapitia makosa kwa kalamu nyekundu, nami niliyahamishia ukurasa wa mwisho wa daftari.

Mbweni kuna magofu ya skuli iliyojengwa na wamisionari wa Kiingereza kwa ajili ya wasichana waliokombolewa utumwani. Mmoja wa wamisionari hao, Edward Steere, alifika Unguja mwaka 1864. Kiswahili hakikuwa lugha yake. Alikaa na watu wa mji, akasikiliza hadithi zao na kuziandika, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili pamoja na kitabu cha hadithi hizo. Mwingereza alikuja kwetu kujifunza lugha yetu kwa masikio na kalamu, na sisi tunataka kujifunza yake kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita.

Zilikuwepo siku nilizokosa. Niliugua homa wiki nzima, na nilipopona nikataka kulipa deni la sentensi thelathini na tano kwa usiku mmoja. Bibi akazima koroboi. Usilipe deni. Usiku unaorudi, andika tano za siku hiyo, ulale.

Nilirudia mtihani mwaka 2010 nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Nilikuwa nimeandika zaidi ya sentensi elfu moja. Nilipata C, na katika Baiolojia nilijaza kurasa.

Daftari la kwanza bado ninalo, lina doa la mafuta ya taa kwenye jalada. Usiku umeme uliporudi niliandika: "The electricity is come back and everybody are shouting." Kila mwaka huwaandikia wanafunzi wangu sentensi hiyo ubaoni. Huona makosa yote mawili kabla sijaweka chaki chini, wakanicheka.